Samaki wa baharini wanahesabiwaje? Kompyuta yaachiwa kazi ya kunakili, watu wabaki na maswali

Septemba 2018, wavuvi wa kibua wa Atlantiki ya Kaskazini Mashariki walipewa ushauri mchungu: mwaka 2019 wasivue zaidi ya tani 318,403. Mei 2019 ushauri ukatolewa upya, na safari hii kikomo kilikuwa tani 770,358. Zaidi ya mara mbili, kwa samaki walewale wa bahari ileile.

Namba zote mbili zilitoka ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari lenye makao yake Copenhagen, Denmark. Katikati ya namba hizo, Machi 2019, kibua hao walisimamishiwa cheti cha MSC, kile kinachomhakikishia mnunuzi kwamba samaki amevuliwa bila kumaliza kizazi chake. Kwa mvuvi, hiyo ni hela.

Je, kuna mtu alikosea kujumlisha? Hapana. Sehemu ya takwimu ilitokana na samaki waliowekewa vijichipu mwilini, wakaachiwa, kisha vijichipu hivyo vikasomwa viwandani walipovuliwa tena. Wataalamu walipochunguza upya, waliona hesabu ilikuwa inazipa takwimu hizo uzito mkubwa kupita kiasi.

Kulijua jambo kama hilo kunataka urudie hesabu mara nyingi: toa hiki, punguza kile, uone jibu linayumba kiasi gani. Sasa muda huo unatoka wapi?

Wiki moja, faili kibao

Samaki hawahesabiwi mmojammoja. Wataalamu hukusanya taarifa za tani zilizovuliwa, matokeo ya meli za utafiti, na umri wa samaki, ambao husomwa kwenye kijiwe cha ndani ya sikio kilicho na miduara kama ya shina la mti. Vyote hivyo huingizwa kwenye modeli inayokadiria wangapi wamebaki.

Taabu iko kabla ya modeli. Nchi moja inaleta faili ya Excel, nyingine inaandika kilo badala ya tani, ya tatu inatuma masahihisho kikao kikiwa kimeshaanza. Mtu ananakili namba kwa mkono, anabandika, anachora grafu, anabandika tena kwenye ripoti. Takwimu ikibadilika, anaanza upya. Na faili yenyewe inaitwa "mwisho_mpya_2", ipo kwenye laptop ya mtu mmoja, naye yuko likizo!

Ndiyo maana ICES ilitengeneza mfumo unaoitwa TAF. Wazo lake ni rahisi mno. Takwimu ghafi zinahifadhiwa mahali pamoja na haziguswi. Baada ya hapo kazi inagawanywa katika hatua nne zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya R: kuandaa takwimu, kuendesha modeli, kutoa matokeo, kutengeneza majedwali na grafu za ripoti. Namba moja ikibadilika mwanzoni, unaendesha hatua zote tena na ripoti inabadilika yenyewe. Mabadiliko ya programu nayo yanawekewa kumbukumbu, kwa hiyo inajulikana nani alibadilisha nini na lini.

Kompyuta pia inaweza kuwekewa ulinzi. Kwa mfano, samaki wa miaka 5 wakionekana wepesi kuliko wa miaka 4, au jumla ya samaki kwa umri isipolingana na tani zilizoripotiwa, kazi inasimama mpaka mtu aangalie.

Ila tahadhari

Programu yenye kosa italirudia kosa hilo kila mwaka, tena haraka na kwa grafu za kupendeza. Kwa maoni yangu hii ni hatari kuliko Excel ya mkono, kwa sababu watu huacha kutilia shaka kitu kinachojiendesha. Uzito wa vile vijichipu vya kibua usingegunduliwa na programu yoyote ya kubandika majedwali. Kilichohitajika ni watu wenye nafasi ya kuuliza.

Kwetu hili halipo mbali. Jodari wa Bahari ya Hindi wanatathminiwa chini ya kamisheni ya IOTC yenye makao Shelisheli, na Kenya na Tanzania ni wanachama. Huko hutumika sana Stock Synthesis, programu iliyotengenezwa Marekani, ambayo ina kifurushi chake cha R cha kusoma matokeo na kuchora grafu. Ripoti za tathmini ziko wazi kwenye tovuti ya kamisheni.

Timu ndogo inayotaka kuanza haihitaji seva ya gharama. Iwe na folda moja ya takwimu ghafi isiyoguswa, programu iliyoandikwa hatua kwa hatua, na mwenzao ambaye hakuiandika aiendeshe kwenye kompyuta yake. Akipata jibu tofauti, wasitoe ripoti kwanza.