Mizinga Isiyokuwepo Tanga

Pwani ya Tanga kila zege kuukuu lina mwenyewe, naye ni Mjerumani. Tangi la maji lililopasuka, msingi wa nyumba iliyobomoka, ukuta ulioliwa na chumvi: vyote utaambiwa ni vyake, na vingi utaambiwa vilikuwa ngome ya mizinga. Huo uvumi nitauharibu kidogo. Manowari ya Waingereza HMS Fox ilipoingia bandarini tarehe 2 Novemba 1914, nyuma yake zikiwapo meli 14 zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, Tanga haikuwa na mzinga hata mmoja wa pwani wa kuipokea.

Ngome ya kweli ya mizinga ya pwani haijifichi. Tafuta sakafu nene ya zege yenye umbo la nusu duara, na katikati yake duara la bolti nene zilizozikwa humo humo. Hapo ndipo kitako cha mzinga kilipokazwa, maana mzinga wa aina hii hauna magurudumu, huzunguka palepale. Kandokando utaona vishubaka vya kuwekea makombora ya kuanzia kazi, na chini au nyuma yake ghala la baruti lenye dari nene. Kibanda chenye mwanya mwembamba peke yake ni cha bunduki ya rashasha au cha mlinzi. Kisikudanganye.

Kitu muhimu kuliko vyote mara nyingi kiko mbali na mzinga: chumba cha kupimia masafa. Meli haisimami ikusubiri, kwa hiyo mpigaji lazima ajue iko umbali gani sasa hivi. Njia moja iliyotumika sana ilikuwa kuweka darubini mahali palipoinuka, kimo chake juu ya usawa wa bahari kikijulikana, kisha kupima pembe ya kuitazama meli pale inapogusana na maji. Kimo na pembe vinatoa umbali. Lakini bahari yetu haitulii kwenye usawa mmoja. Wakati wa bamvua maji ya Tanga hupanda zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Chukua darubini iliyowekwa kwenye gema la matumbawe, mita 15 juu ya maji yakiwa yamekupwa. Yakishajaa, kimo kinabaki mita 12. Mpimaji akisahau kurekebisha, meli iliyo kilomita 4 ataiandika kilomita 5, na kombora litatua kilomita nzima nyuma yake. Ndiyo maana vikosi vya mizinga ya pwani vilifuatilia maji kwa makini kama wavuvi wa Mwambao.

Kwa nini basi Tanga haikuwekewa mizinga? Gavana wa Wajerumani, Heinrich Schnee, hakutaka bandari zake zigeuzwe viwanja vya vita, na Agosti 1914 yalikuwapo makubaliano na wanamaji wa Uingereza kwamba Tanga na Dar es Salaam ziachwe nje ya vita. London iliyakataa. Nahodha Caulfeild wa Fox alikuja kwanza kutangaza kwamba makubaliano hayo yamekufa, akampa mkuu wa wilaya, Auracher, saa moja ya kuusalimisha mji. Aliuliza pia kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Auracher hakumpa jibu la kumtuliza, akaenda zake, akavaa sare ya jeshi na kupeleka habari kwa kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck.

Mabomu hayakuwepo, lakini Waingereza walitumia muda wao wa thamani kuyasaka. Kisha wakakwepa gati na kuwashusha askari Ras Kasone, penye mikoko na gema, usiku. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha ulinzi wa pwani: hofu ya kisichoonekana ilifanya kazi ambayo ngome ya zege ingegharimu miaka na fedha nyingi kuifanya. Wakati huo mjini palikuwa na kombania moja tu. Siku mbili walizopata Wajerumani zilitosha kwa reli ya Usambara kuleta askari kutoka Moshi, hadi wakafika kama 1,000.

Pambano la tarehe 4 Novemba linajulikana, pamoja na nyuki wake waliowavamia askari, na nyuki wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa miwili ya uwanjani, ya muundo wa 1873, nayo ilichelewa kufika. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa, wakapanda meli tarehe 5, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na mamia ya maelfu ya risasi.

Lakini nisiitukane mizinga ya pwani kupita kiasi. Ipo siku ambayo ingefaa. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya shehena Rubens, iliyotoka Ujerumani ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na HMS Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha wake Carl Christiansen aliiingiza ndani ya ghuba na kuijaza maji ikae chini. Hyacinth iliipiga bila kusumbuliwa, hakukuwa na kitu nchi kavu cha kuifukuza, ikaondoka ikidhani kazi imekwisha. Wajerumani wakazamia shehena. Risasi zilizolowa zilifunguliwa, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa tena.

Mizinga mikubwa hatimaye ilitoka kwenye meli nyingine. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa mtoni Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu. Badala ya kuzikwa kwenye zege, baadhi yake ikakokotwa bara. Mmoja ulikuwa Kahe, kwenye reli hiyo hiyo ya Usambara, Machi 1916, na Wajerumani wakaulipua wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma. Mwingine unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa.

Zege lenyewe lina udhaifu wa kuchagua upande mmoja. Wafaransa wa serikali ya Vichy walikuwa na mizinga mizito ikilinda mlango wa bandari ya Diego Suarez, Madagaska. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishuka upande wa magharibi, kwenye ghuba za Courrier na Ambararata, wakaijia bandari kwa mgongoni. Miezi michache baadaye askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka kwetu nao waliingia kwenye vita vya kisiwa hicho.

Na Tanga? Waingereza waliichukua tarehe 7 Julai 1916, baada ya majeshi yao kuteremka kutoka Kilimanjaro kwa kufuata reli, na Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Hata kama Ras Kasone pangekuwa na mizinga minne kwenye zege nene, midomo yake ingekuwa imeelekezwa Pemba.