Unanunua taima ya kumwagilia maua? Pima kwanza urefu wa tanki lako

Kila Desemba nyumba nyingi za Dar es Salaam hubaki zimefungwa. Wenyewe wamepanda basi kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya, dada wa kazi naye yuko likizo, na maua ya barazani yameachwa kwa jirani ambaye ana mambo yake. Wiki mbili za jua la pwani zinatosha kukausha mchicha na pilipili zilizopandwa kwenye ndoo.

Ndiyo maana matangazo ya vifaa vinavyomwagilia vyenyewe yanashawishi. Funga kwenye koki, panga saa, safiri. Wengi wakiviona huuliza kama vinaunganishwa na simu. Swali la maana zaidi ni la maji: yanatoka wapi, na yana presha kiasi gani?

Tanki la mita tatu

Taima ya kawaida ni kiboksi chenye betri na vali ndani. Kinachotofautiana ni hiyo vali.

Aina ya kwanza ni ya solenoidi. Sumaku ndogo ya umeme huachia kiwambo cha mpira, halafu presha ya maji yenyewe ndiyo inayosaidia kufungua na kufunga. Angalia ubavuni mwa boksi: nyingi huandikwa kwamba zinahitaji angalau 0.5 bar, nyingine hata zaidi.

Sasa piga hesabu. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tanki hupata takribani 0.1 bar kwa kila mita moja ya urefu. Simtanki lililokaa juu ya mnara wa mita 3 linatoa kama 0.3 bar tu. Hapo vali inaweza kugoma kufunguka. Au, mbaya zaidi, ifunguke halafu isifunge vizuri, na lita 1,000 ziishie kwenye uwanja usiku mmoja. Mwenye nyumba atasema ameuziwa feki. Kumbe kifaa ni kizima, ila kilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo bomba lina presha muda wote.

Aina ya pili ina mota ndogo inayozungusha tufe lenye tundu. Hii haitegemei presha, na boksi lake huwa limeandikwa kuwa inaanzia 0 bar. Kama maji yako yanatoka kwenye tanki, tafuta hii. Muuzaji akishindwa kueleza, mwambie aiwashe usikie: ya solenoidi inalia "tak!" mara moja, ya mota inakoroma sekunde kadhaa.

Vipi kuifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaani? Kwa maeneo ya mgao ni kamari. Taima itafungua saa 12 asubuhi kama ilivyoagizwa, bomba liko kavu, na yenyewe haijui. Tena maji yanaporudi baada ya siku mbili huja na mchanga na kutu, na vitundu vya kudondoshea matone huziba haraka. Weka chujio kabla ya taima, hata kama maji ni ya tanki.

Lita ngapi?

Vidondoshi vingi vya matone hutoa lita 2 au 4 kwa saa. Mwenye vyungu 20, kila kimoja na kidondoshi cha lita 2, akifungulia dakika 15 kwa siku anatumia lita 10. Kwa siku 14 ni lita 140. Kwa hiyo hata tanki la lita 500 linatosha na kubaki. Ila vidondoshi vinavyojirekebisha kulingana na presha, ambavyo wauzaji huvisifia sana, si vya tanki la chini. Navyo vinataka presha ya kutosha ndipo vifanye kazi sawasawa.

Walioko ghorofani

Kwa vyungu vya ndani hakuna haja ya koki. Kuna pampu ndogo za USB au betri zinazovuta maji kwenye ndoo na kuyapeleka kwenye vyungu kwa mipira myembamba. Ni nzuri, lakini zina mtego mmoja unaowakuta wengi: ndoo ikiwekwa juu kuliko vyungu, pampu ikizima maji yanaendelea kushuka yenyewe, kama vile mtu anavyonyonya mafuta kwa mpira kutoka kwenye tanki la gari. Unarudi safari ndoo ni tupu, sakafu imeloa, na jirani wa chini ana malalamiko. Ndoo ikae sakafuni, vyungu vikae juu yake.

Chupa iliyopinduliwa ndiyo ya bure kabisa, ila kwenye udongo mwepesi huisha ndani ya siku moja au mbili. Utambi wa kamba ya nailoni, ncha moja kwenye ndoo na nyingine kwenye udongo, huenda taratibu zaidi. Kwa bustani ya chini kuna mtungi wa udongo usiopakwa rangi: unauzika hadi shingoni, unaujaza maji, unaufunika. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ukuta wa mtungi. Ukiwa umelowa, kasi inapungua. Hauna betri wala mipangilio. Kwa shamba dogo la nyanya, vifaa vingi vya bei haviufikii.

Na hizo za simu?

Zina raha yake, maana unaweza kufungulia maji ukiwa kijijini. Lakini nyingi zinataka Wi-Fi ya 2.4 GHz iliyo hai, na Luku ikiisha nyumbani ruta inazima. Kabla ya kulipia, uliza kama ratiba inabaki ndani ya kifaa mtandao ukikatika. Kama haibaki, achana nayo. Vipima unyevu vya bei poa vyenye vyuma viwili vilivyo wazi navyo hushika kutu kwenye udongo na kuanza kudanganya. Visivyo na chuma kilicho wazi hudumu zaidi.

Kuna mimea ambayo haihitaji chochote kati ya hivi. Sansevieria, mshubiri na kaktasi zikimwagiliwa kila siku huoza mizizi. Zinyweshwe siku ya kuondoka, zisogezwe mbali na jua kali, basi.

Mfumo wowote uwashwe wiki moja kabla ya safari, mwenyewe akiwepo. Weka kikombe chini ya kidondoshi cha mwisho kwenye mstari uone kinapata kiasi gani, kwa sababu mara nyingi chungu cha mwisho ndicho kinachopunjwa. Na visahani vya chini ya vyungu vitolewe. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama kama hayo, na wiki mbili za nyumba iliyofungwa zinamtosha.