Yule Mbwa Mapajani mwa Binti Yangu

Picha ya binti yangu akiwa na mbwa mapajani imezunguka makundi yote ya familia, na shangazi zake wa Mombasa wameniuliza kama malezi yamenishinda huku Kanada. Kuwajibu mmoja mmoja nimechoka, basi nawajibu nyote hapa.

Mbwa yule hatumfugi. Ni wa bibi mmoja mstaafu anayejitolea chuoni anakosoma binti yangu. Mbwa wa kazi hii ya kuwatuliza wanafunzi hupimwa tabia kwanza: hushikwashikwa masikio na miguu, hupigiwa kelele za ghafla, na akibabaika hapiti. Aliyefaulu huvishwa kitambaa shingoni, na msimu wa mitihani, Desemba na Aprili, huletwa chuoni. Wanafunzi wanne watano hukaa sakafuni wakampapasa, na mwenye mbwa hukaa nao akiwauliza habari za masomo na za nyumbani. Hakuna faili wala anayeandika kitu.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1961, mwanasaikolojia wa watoto Boris Levinson wa New York aliwaeleza wenzake jinsi mbwa wake, Jingles, alivyomsaidia mtoto aliyejitenga na watu, na wapo waliomcheka. Mwaka 2012 John-Tyler Binfet akaanzisha mpango wa namna hii katika kampasi ya Okanagan ya Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Kelowna, huku Kanada. Na mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Washington State kilitoa matokeo ya utafiti wa wanafunzi 249: waliopapasa mbwa na paka dakika 10 tu, kotisoli, ile homoni ya msongo, ilipungua katika mate yao.

Kwetu mtoto akisema kichwa kimemjaa, huambiwa aswali na aweke simu chini. Swala ni nguzo, sibishani. Lakini nani humkalisha akamuuliza kinachomliza?

Msimu mzima wa baridi binti yangu alinijibu "mzima, mama" na kukata simu. Jioni ya siku ile ya picha alinipigia mwenyewe, akanieleza kemia inavyomtesa, mwenzake wa chumbani aliyehama, na usiku anaokesha. Nguo zilizoguswa na mbwa alizifua kama dini inavyotaka, maana hilo ndilo mlilouliza zaidi.

Sasa mdogo wake naye anataka mbwa. Nimemkatalia. Paka nimemkubalia, na baba yake, mtu wa Lamu, hakuhitaji kubembelezwa. Tunamchukua Jumamosi, na kijana ameshahamisha viatu vyake kabatini ili paka apate pa kulala.