Tabibu wa Viungo Uwanjani
Wengi hudhani kuwa tabibu wa viungo vya wanamichezo, yule aingiaye uwanjani mbio na mkoba wake, kazi yake ni kukanda misuli tu. Ilhali vigezo 11 vya umahiri, vilivyotolewa huko Ulaya mwaka 2005, vyamtaka awe hodari wa kuzuia majeraha kabla hayajatokea, kuyahudumia papo hapo, kumrejesha majeruhi katika siha yake, na hata kupiga vita dawa haramu za kuongeza nguvu. Lililo zito zaidi, kwa rai yangu, ni ujasiri wa kumtoa mchezaji anayedhaniwa kutikisika ubongo, hata kocha akighadhibika, kwani siku hiyo harudi tena mchezoni. Enyi viongozi wa vilabu, kabla ya kumwajiri mtu, mwulizeni kwanza shahada yake.