India: siku nyundo inapumzika

Bandugu wa mugodi, kule India, katika jimbo la Jharkhand ambako wanachimba makaa ya mawe, kila mwaka kuelekea tarehe 17 ya mwezi wa 9 nyundo inapumzika. Ni siku ya Vishwakarma, fundi wa miungu. Hadithi za Wahindu zinasema ni yeye alijenga muji wa Dwarka, akatengeneza na silaha ya Indra, mukubwa wa miungu.

Sanamu yake wanaitengeneza kwa majani makavu na udongo, kisha wanaipaka rangi. Iko na mikono ine, yenye kushika vyombo vya kazi. Watumishi wanasafisha mashini, wanaiwekea maua. Siku ile hawaitumikishi. Sikukuu ikiisha, sanamu wanaizamisha katika maji.

Mimi si Muhindu. Lakini katika kazi ya sendika nimeona kamba inakatika ju hakuna mutu aliiangalia. Vyombo vipya tutaendelea kuviomba kwa wakubwa, lakini jicho la kwanza ni lako. Kamba yako uliiangalia lini? Mama, umuulize bwana mbele hajatoka.