Koki Ipi Yafaa Nyumbani?

Maji ya Ziwa Victoria huzifikia nyumba za miteremko ya Mabatini, jijini Mwanza, baada ya kusukumwa na mitambo. Maji yaliyopandishwa kwa gharama hayastahili kumwagika kwa sababu ya koki isiyofaa.

Koki za kawaida ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya bomba la kuchotea, ambayo hufunga kwa kubana kipande cha mpira kiitwacho washa. Washa ikichakaa hubadilishwa peke yake kwa bei nafuu. Tusiikaze mno, isije ikakatika: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku.

Ya pili, geti valvu, ina gurudumu linaloshusha kibamba cha chuma. Ifunguliwe yote au ifungwe yote. Ikiachwa nusu, kibamba huliwa na mkondo wa maji.

Ya tatu, bol valvu, ina tufe lenye tundu, nayo hufungwa kwa robo mzunguko. Mkono wake ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikingama, imefungwa. Hivyo, maji yakikatika, mama hutambua hata gizani, kwa kupapasa, kama amefunga. Yakirudi usiku hayamfurikii. Ila ifungwe taratibu, kwani maji yakisimamishwa ghafla hugonga mabomba na kulegeza maungio, hasa chini ya mlima, ambako msukumo ni mkubwa.

Basi, ndugu msomaji, bol valvu ikae baada ya mita na kwenye ncha ya mpira wa kuoshea madirisha. Koki ya washa ibaki bombani. Na kila aliyemo nyumbani aonyeshwe mahali pa kufungia.