Mwenye Busara Huepa Hatari

Katika Biblia, kitabu cha Mithali kinafundisha kuwa mwenye busara akiona hatari huiepa. Fundisho hili linafaa hata jikoni.

Machi 2024, hapa Kisiwa Panza, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki. Wengine 78 walilazwa hospitali.

Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu. Haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Watoto hudhurika zaidi.

Kumwomba Mungu atulinde ni vizuri, lakini na sisi tujilinde. Kasa akinasa wavuni, mwachie. Jirani akikuletea kitoweo chake, kikatae kwa adabu. Aliyekwisha kula apelekwe hospitali upesi.